Siku Saba kwa Kayaki Katika Msitu wa Congo: Mwongozo Kamili wa Mto Lualaba, Kindu Hadi Ubundu

Kati ya Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema, na mji mdogo wa Ubundu katika mkoa wa Tshopo, mto Lualaba husafiri takriban kilomita 300 kuelekea kaskazini bila poromoko la kumzuia mwenye chombo. Chini ya Ubundu mambo hubadilika ghafla: yanaanza maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi, yaliyotawanyika katika urefu wa kilomita 100 hivi, na mto hushuka mita 60 kabla ya kufika Kisangani, ambako ndiko unakoanza kuitwa mto Congo. Ni kwa sababu ya maporomoko hayo reli ya kilomita 125 ilijengwa kati ya Kisangani na Ubundu, ikakamilika mwaka 1906. Kipande cha mto kilicho juu ya maporomoko hayo ndicho kinachomfaa mtu anayetaka kukaa wiki nzima majini katikati ya msitu wa mvua: maji mapana, mkondo unaokusukuma badala ya kukupinga, vijiji vya wavuvi na wakulima wa mpunga kando, na Kiswahili kikiwa lugha ya soko, ya bandari na ya kituo cha polisi.

Wengi wanaopanga safari ya namna hii huhangaikia mikono yao: wataweza kupiga kafi kwa saa ngapi, kwa kasi gani, kwa chombo cha aina gani. Katika mto huu kupiga kafi ndiyo kazi nyepesi. Magumu karibu yote yako ukingoni: utatua wapi, nani atakuruhusu kulala, maji ya kunywa utayapata vipi, na siku ya mwisho utautoka mto upande gani. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia maneno mengi zaidi nchi kavu kuliko majini. Unamlenga mtu mwenye afya njema, anayejua kuogelea, aliyewahi kupiga kafi walau siku mbili mfululizo ziwani au baharini, na asiyechoka kusalimia watu.

Pima kwanza kama safari inawezekana

Hatua hii hutangulia hata kununua tiketi. Vita kati ya jeshi la serikali na kundi la M23, lililouteka mji wa Goma mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, vimepiganwa hasa Kivu na si kwenye mto huu. Hata hivyo Maniema inapakana na Kivu zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, na misukosuko ya huko huweza kufika mtoni kwa sura ya vizuizi, askari wenye wasiwasi na safari za ndege zilizokatizwa. Upande wa Tshopo kuna mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliolipuka mwaka 2023 na kuua watu wengi katika maeneo ya ukingo wa kushoto, ambako ndiko inakopita barabara utakayotokea baada ya kumaliza mto. Mtu anayechunguza usalama wa Kindu na kusahau kuchunguza wa Ubundu amefanya nusu ya kazi.

Fuatilia taarifa za Radio Okapi kwa wiki kadhaa mfululizo, usome tahadhari za usafiri ambazo serikali mbalimbali hutoa kwa raia wao, kisha utafute watu watatu wasiojuana walioko huko sasa hivi: kwa mfano mfanyabiashara mwenye mashua, mtu wa parokia au msikiti, na mfanyakazi wa shirika la misaada. Waulize swali lilelile moja: je, wiki iliyopita mashua za mizigo zilishuka hadi Ubundu na abiria wake wakaendelea hadi Kisangani bila tatizo? Swali hilo linajibika, tofauti na lile la jumla kama kuna usalama, ambalo kila mtu hulijibu kwa moyo wake. Majibu yakipingana, ahirisha. Mto hauendi popote, na kampuni ya bima iliyosoma tahadhari hizohizo huenda isikulipe.

Msimu

Kindu iko kusini mwa ikweta, na mvua zake hupungua kati ya Juni na Agosti. Huo ndio wakati ninaoupendelea, kwa sababu maji hushuka na kufichua fukwe za mchanga zinazofaa kupiga hema, ingawa neno kupungua lisichukuliwe kumaanisha kukoma: katika msitu huu mvua hunyesha hata miezi ya ukame. Kuanzia Machi hadi Mei mto kwa kawaida huwa umejaa, mchanga umezama, na msafiri hulazimika kulala vijijini kila usiku.

Karatasi, fedha na njia ya kufika Kindu

Utahitaji pasipoti, viza kama uraia wako unaidai, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo hukaguliwa mpakani na kwenye viwanja vya ndege. Ukifika Kindu, jambo la kwanza ni kujiandikisha katika ofisi ya idara ya uhamiaji, inayojulikana na kila mtu kwa kifupi chake, DGM, kisha kuomba ofisi ya mkoa barua yenye muhuri inayoeleza wewe ni nani, unatoka wapi, unakwenda wapi na kwa chombo gani. Barua hiyo ina thamani kuliko kifaa chochote utakachobeba. Itoe nakala nyingi, kwa sababu kila kituo kitataka kubaki na moja, na usimwachie mtu nakala halisi. Ukidaiwa malipo, omba stakabadhi kwa upole na kaa chini usubiri. Mtu asiye na haraka huishia kulipa kidogo. Usipige picha askari, bandari, kiwanja cha ndege wala ofisi ya serikali, na droni iache nyumbani. Simu ya setilaiti ni msaada mkubwa, lakini ulizia kibali chake kabla ya kuingia nayo nchini, kwa kuwa kifaa cha mawasiliano kisicho na karatasi huzaa maswali mengi.

Fedha ziwe za aina mbili: dola za Marekani ambazo hazijachanika wala kuchorwa, maana noti yenye tundu dogo hukataliwa, na faranga za Congo katika noti ndogondogo kwa ajili ya vijijini. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, njia iliyo ya uhakika zaidi ni kuruka hadi Kinshasa na kutoka huko kuchukua ndege ya ndani kwenda Kindu. Treni ya kutoka kusini ipo, lakini haina ratiba ambayo mtu mwenye wiki chache anaweza kuitegemea. Kumbuka kurudisha saa yako nyuma kwa saa moja ukilinganisha na ya Dar es Salaam au Nairobi.

Afya kabla ya kuondoka

Mwone daktari wa magonjwa ya kitropiki au wa wasafiri angalau wiki sita kabla. Chanjo ya homa ya manjano lazima ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia nchini, na tangu mwaka 2016 cheti chake kinahesabiwa kuwa cha maisha. Zungumzeni pia kuhusu homa ya matumbo, homa ya ini, pepopunda na kichaa cha mbwa. Kinga ya malaria si jambo la hiari hapa, hata kwa mtu aliyezaliwa Kigoma au Kisumu, kwa kuwa kinga ya mwili aliyoijenga utotoni hupungua kwa miaka ya kuishi mjini au ughaibuni. Dawa kama doksisaiklini huendelea kumezwa kwa wiki nne baada ya kutoka eneo la malaria, nayo hufanya ngozi iungue jua kwa urahisi, jambo la kuzingatia kwa mtu anayekaa mchana kutwa juu ya maji. Beba kipimo cha haraka cha malaria pamoja na dozi kamili ya dawa ya mseto, na mwombe daktari akuandikie dawa ya kuhara na antibiotiki moja ya kutegemea.

Nguo ziwe na mikono mirefu na rangi hafifu. Mbung'o, anayeeneza malale, huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, na ni rangi hizohizo ambazo watengenezaji wa mavazi ya michezo huzipenda mno.

Chombo na mizigo

Kayaki ya plastiki ngumu yenye urefu wa mita nne hadi tano ndiyo bora majini, lakini haiingii kwenye ndege ndogo wala haibebeki kwa pikipiki kutoka Ubundu. Linalobaki ni kuchagua kati ya kayaki ya kukunja yenye fremu na turubai, na ile ya kujaza upepo yenye vyumba vitatu au zaidi vya hewa vinavyojitegemea. Ya kukunja huenda kasi zaidi na haisumbuliwi sana na upepo. Ya upepo hukarabatiwa kwa gundi na kiraka ndani ya saa moja. Kwa mto wenye visiki vilivyofichika ningechagua ile ya upepo. Watu wawili wawe na kayaki mbili, kila mmoja yake, ili chombo kimoja kikipasuka kingine kikivute hadi ukingoni.

Kila mtu awe na jaketi okozi analolivaa, si analolikalia, filimbi iliyofungwa kwenye jaketi hilo, na kisu. Makafi yawe na la akiba moja kwa kila kayaki mbili. Hema liwe na wavu mzima usio na tundu na turubai la ziada la kutanda juu yake. Bembea ya kulalia yenye chandarua hufaa ndani ya msitu lakini haina maana kwenye mchanga usio na mti. Mengine ni tochi ya kichwani na betri zake, pawabanki, GPS ya mkononi pamoja na ramani zilizopakuliwa kabla, kamba ya mita 20, sindano na uzi mnene, vidonge vya klorini, chujio la maji, shabu, sufuria mbili, na jiko dogo linalotumia petroli au mafuta ya taa, kwa sababu mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni. Pakia vitu katika mifuko isiyopitisha maji iliyo midogo midogo badala ya mmoja mkubwa. Vizito viwekwe chini katikati, vyepesi kwenye ncha, na kila mfuko ufungwe kwenye chombo. Nguo za kulalia na mfuko wa kulalia viwe na mfuko wao ambao haufunguliwi mchana kwa sababu yoyote ile. Mtu anaweza kulowa siku saba na akafika salama, lakini akilala amelowa siku mbili tu miguu yake huanza kuoza.

Kabla hujaondoka nyumbani, jipindue makusudi ukiwa umefunga mizigo yote, kisha urudi chomboni bila msaada. Ukishindwa kufanya hivyo kwenye maji tulivu, hujawa tayari.

Siku mbili za Kindu

Usiingie mtoni siku ya kuwasili. Siku mbili za Kindu ni za karatasi, za soko, na zaidi ya yote za kumtafuta mwenyeji wa kusafiri nawe. Ushauri wangu ni kukodi mtumbwi wa gogo wenye wapiga kafi wawili wanaojua mto hadi Ubundu. Hawa watabeba maji na chakula, watakuonyesha mkondo upi wa kisiwa unapitika, na watazungumza kwanza kila mnapotua. Wapatane nawe kwa maandishi mbele ya shahidi: malipo ya siku, chakula, na jambo ambalo wageni wengi hulisahau, yaani namna watakavyorudi. Wewe unashuka na mkondo. Wao watarudi wakiupinga kwa siku nyingi zaidi, au watalipia mtumbwi wao uvutwe na mashua ya injini. Gharama hiyo ni yako. Toa nusu Kindu na nusu Ubundu.

Sokoni nunua mchele wa Maniema, ambao ni mazao ya mkoa wenyewe tangu misafara ya waungwana, yaani wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa karne ya 19, ilipoleta kilimo cha mpunga huku. Ongeza karanga, mawese, chumvi, sukari, kitunguu na samaki wakavu. Hesabu gramu 400 hadi 500 za mchele kwa mtu mmoja kwa siku kama mnapiga kafi kutwa. Nunua pia sabuni za mche na pakiti za chumvi kwa ajili ya zawadi, na galoni tupu za lita 20 zenye vifuniko vizuri. Muhogo, ndizi na samaki wabichi utavipata njiani, hivyo usijaze chombo kama anayekwenda jangwani.

Kusoma maji

Mto huu ni mpana, mahali pengine zaidi ya kilomita moja, na upana huo hudanganya macho: maji yanaonekana yamesimama ilhali yanakwenda. Asubuhi ya kwanza pima mkondo mwenyewe. Acha kupiga kafi kwa dakika kumi ukitazama GPS; ukisogea mita 500, mkondo unakupa kilomita tatu kwa saa bila jasho lako. Mtu wa kawaida mwenye chombo kilichojaa hupiga kafi kilomita nne hadi tano kwa saa, hivyo saa saba za kazi hutosha kukupa kilomita 50 kwa siku, na siku sita za namna hiyo humaliza safari zikiacha siku moja ya mapumziko au ya mvua.

Kwenye kona, maji yenye kasi yako upande wa nje, nako ndiko ukingo unakomomoka na miti kuangukia mtoni. Tumia kasi hiyo lakini kaa mbali na ukingo, usiukumbatie, kwa maana mti ulioanguka huruhusu maji kupita kwenye matawi yake lakini humnasa mtu na chombo. Upande wa ndani wa kona ni wa mchanga na maji mafupi. Panapoingia mito mingine, kama Elila, Ulindi na Lowa, yote mitatu ikitoka mashariki upande wako wa kulia, utakuta maji yanayozunguka na wakati mwingine magogo yanayoelea. Pita mbali na midomo yake kwanza, kisha tua chini yake kama unataka kutua. Nyavu za wavuvi zipite kwa upande ambao mwenye wavu amekuonyesha. Kukata wavu wa mtu ni hasara ya wiki nzima kwake, na habari itafika kijiji kijacho kabla yako.

Kiboko ni wa kuogopwa kuliko mamba. Hukimbilia maji ya kina anapotishika, kwa hiyo kanuni ni kutokukaa kamwe kati yake na kina hicho. Ukiona masikio na pua mbele yako, gonga ubavu wa chombo kwa kafi ili ajue ulipo, kisha mpe nafasi kubwa ukipita upande wa maji mafupi. Mikondo myembamba nyuma ya visiwa inavutia kwa kivuli na ndege wake, lakini usiingie bila mwenyeji kutangulia. Kuhusu mamba, usining'inize mkono wala mguu majini, na usioge mtoni jioni. Chota maji kwa ndoo uogee juu.

Tufani ndiyo hatari ambayo wageni huidharau zaidi. Mashariki mwa Congo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na mara nyingi dhoruba hujengeka mchana na kupasuka alasiri au usiku. Dalili yake ni hewa iliyotulia kupita kiasi, kisha ukanda mweusi unaoinuka, halafu upepo baridi wa ghafla. Usingoje ule upepo. Ukiona ukanda tu, elekea ukingo ulio karibu, vuta chombo juu, kifunge, na ukae chini mbali na mti mrefu uliosimama peke yake. Mawimbi ya upepo unaopinga mkondo kwenye maji ya upana ule hujaza kayaki kwa dakika chache.

Ukingoni

Karibu na ikweta jua huchomoza na kutua karibu saa ileile mwaka mzima. Ingieni majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pumzikeni kivulini kati ya saa tano na saa saba mchana, na muwe mmetua saa tisa na nusu alasiri. Kutua mapema hivyo huonekana uvivu hadi siku utakapohitaji saa mbili za kuzungumza kabla ya kuruhusiwa kufungua hema.

Popote palipo na nyumba, hata mbili, pana mwenyewe. Acheni vyombo vikiwa na mtu mmoja, pandeni bila haraka, salimieni kila mnayekutana naye, na ombeni kuonyeshwa kwa chifu wa kijiji. Mbele yake kaeni mkikaribishwa, elezeni safari kwa ufupi, toeni nakala ya barua, na ombeni mahali pa kulala usiku mmoja. Zawadi ya chumvi na sabuni hutolewa baada ya ruhusa, si kabla, isije ikaonekana ni bei. Kiswahili cha pwani kitaeleweka, ingawa utasikia matamshi na maneno ya Kingwana, yaani Kiswahili cha Congo, ambayo itabidi uyazoee. Ongea polepole na usimsahihishe mtu lugha yake. Usigawe pipi kwa watoto. Ukitaka kupiga picha, omba, na ukikataliwa weka simu mfukoni mara moja.

Hema la kijijini lina faida ya usalama na hasara mbili: kelele za usiku na tekenya kwenye vumbi, wadudu wanaoingia chini ya kucha za miguu. Vaa viatu daima, hata kwenda msalani.

Mchangani ni pazuri zaidi kwa mwili. Kuna upepo, mbu ni wachache, na hakuna tawi la kukuangukia. Kabla ya kufungua mzigo, zunguka ufukwe wote ukitafuta nyayo za kiboko na alama ya tumbo la mamba lililoburuzwa, na ukiziona, ondoka. Piga hema sehemu ya juu kabisa, kisha chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji. Amka katikati ya usiku ukitazame. Mvua iliyonyesha mbali kwenye milima ya Kivu inaweza kuuinua mto kwako chini ya anga yenye nyota. Kayaki zivutwe hadi kando ya hema na zifungwe kwenye kitu kizito, kila usiku bila kujali uchovu.

Msituni ndiko pa mwisho kuchagua. Ukilazimika, tazama juu kwanza: tawi kavu ni la kuogopwa msituni kuliko chui. Kisha tazama chini uone kama kuna mstari wa siafu. Siafu wakija usiku hakuna cha kupigana nao. Fungua hema, toka, sogea mita 50, ngojea wapite. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka hema huwachelewesha kidogo tu.

Maji ya Lualaba ni ya kahawia na huziba chujio. Chota jioni kwenye galoni, tia shabu kidogo, acha hadi asubuhi, mimina maji ya juu yaliyotakata, yachuje, kisha yachemshe au yatie klorini. Kila mtu atahitaji lita nne hadi tano kwa siku kutokana na joto na unyevunyevu. Nyama ya pori mtakaribishwa, na mnapaswa kuikataa kwa heshima, kwa sababu ya homa ya nyani (mpox) na Ebola na kwa sababu baadhi ya wanyama hao wanalindwa na sheria. Samaki na sombe, yaani kisamvu, vinatosha. Takataka zote za plastiki zirudi nawe.

Kila jioni osha miguu, ikaushe kabisa, ipake poda, na kagua kila mkwaruzo. Kidonda kidogo msituni hakiponi chenyewe. Kisafishe na kukifunika siku hiyohiyo.

Kujua ulipo

Kwa kuwa Lualaba hapa huelekea kaskazini karibu moja kwa moja, GPS yako inaweza kukupa hesabu rahisi bila ramani. Kindu iko karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta, mji mdogo wa Lowa karibu nyuzi moja na nusu, ule wa Kirundu karibu robo tatu ya nyuzi, na Ubundu karibu theluthi moja. Kila nyuzi ni kilomita 111. Kwa hiyo ukisoma nyuzi moja na nusu umefika katikati, na hilo liwe limetokea jioni ya siku ya tatu au asubuhi ya nne. Kama uko nyuma zaidi ya hapo, tumia siku ya akiba sasa badala ya kujaribu kupiga kafi hadi giza. Pia fahamu kwamba kutoka katikati hakuna kurudi kwa kafi: mgonjwa huokolewa kwa mashua ya injini, iwe inashuka au inapanda, hivyo andika kila jioni jina la kijiji mlipolala na la mwenye injini aliye karibu. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo.

Kuutoka mto

Lala usiku wa mwisho Kirundu au jirani yake, na uulize hali ya mbele hata kama wenyeji wako wanaijua. Reli na barabara ya Kisangani viko ukingo wa kushoto, basi kuanzia asubuhi hiyo hamia kushoto na ubaki hapo. Usiukate mto ukiwa karibu na Ubundu kwa sababu yoyote, wala usifuate kisiwa kinachokuvuta kulia, kwa kuwa poromoko la kwanza liko chini tu ya mji na mkondo huongezeka kabla sauti yake haijakufikia. Mtumbwi wa mwenyeji utangulie, kayaki zifuate kwa mstari, na mtue kwenye bandari yenyewe, si kabla wala baada. Hapa vaa mikono mirefu, kwa kuwa inzi wadogo wanaoeneza upofu wa mtoni huzaliana kwenye maji yaendayo kasi.

Jiandikisheni kwa maofisa wa Ubundu siku hiyohiyo, walipeni wapiga kafi mbele ya shahidi, kausheni kayaki kabla ya kuzikunja. Treni ikiwapo, ichukueni. Isipokuwapo, kodini pikipiki, moja kwa kila mtu na moja ya mizigo, na muondoke alfajiri ili mfike Lubunga, sehemu ya Kisangani iliyo ukingo wa kushoto, kabla ya giza, kisha mvuke mto kwenda katikati ya Kisangani. Barabara ni ya msitu na ya matope, nayo huchosha kuliko siku yoyote ya mtoni. Mkiwa Kisangani mnaweza kwenda kuwatazama Wagenia wakivua kwa majamanda yaliyofungwa kwenye miti mikubwa juu ya poromoko la mwisho.

Endelea na dawa ya malaria kwa muda ulioandikiwa. Miezi miwili au mitatu baadaye pima kichocho, kwa sababu vipimo vya mapema mno hukosa kuona maambukizi, na homa yoyote ikikupata ndani ya mwaka mmoja, mweleze daktari kwamba ulikuwa Lualaba.